Dar–Mwanza kwa ndege: tovuti inasema dakika 64, tiketi inasema saa moja na nusu. Nani mkweli?

#1 Kijana wa Mbezi Mwisho (mleta uzi)

Habarini wakuu. Moja kwa moja kwenye mada.

Jumamosi ijayo natakiwa niwe Sengerema saa 8 mchana, bila kukosa. Ni posa ya mdogo wangu, na bahasha nimepewa mimi niibebe kwa kuwa mzee hawezi tena safari ndefu. Mimi ni mtu wa basi tangu shule, ndege sijawahi kupanda. Safari hii ndugu wamechanga, wakasema panda ndege usije ukachelewa ukatuaibisha.

Nikaingia mtandaoni kutafuta umbali na muda, nimetoka nimevurugwa. Tovuti ya kwanza: Dar–Mwanza 852. Ya pili: 529. Ya tatu: 460. Ramani ya simu inanipa 1,140 na kitu. Muda nao vivyo hivyo: moja inasema saa 1 na dakika 4, nyingine saa 1 na dakika 34, tiketi aliyonitumia shemeji inaonyesha saa 1 na nusu, na kuna jamaa kazini anaapa yeye alitumia saa 2 kamili.

Mwanza ni ile ile, haijahama. Nani mkweli hapa? Na je, nipande kweli hiyo ndege au nirudi kwenye basi langu?

#2 Ng'wana Misungwi

Nakaa mkao wa kula. Ila mkuu, ushauri wa bure: ukifika Sengerema usithubutu kusema umekuja na ndege. Sisi Wasukuma ng'ombe tunawapanga kwa kuangalia viatu tu vya wageni, sembuse tiketi ya ndege.

#3 Mzee wa Kipawa

Kijana, wote ni wakweli, ila kila mmoja anapima kwa rula yake.

852 ni kilomita. 529 ni maili za kawaida. 460 ni maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazitumia mpaka leo. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Chukua simu yako, zidisha 460 kwa 1.852 uone unachopata. Hizo tovuti zimeona uvivu kuandika kipimo tu.

Tena usiwategemee, pima mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Uwanja wa Dar uko nyuzi 6.87 kusini na 39.2 mashariki. Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2.44 kusini na 32.93 mashariki. Toa: kusini-kaskazini tofauti ni 4.43, mashariki-magharibi ni 6.27. Huku kwetu karibu na Ikweta kila nyuzi moja ni kama kilomita 111, uende upande wowote. Kwa hiyo kutoka Dar unapanda kaskazini kilomita 492 hivi, na unasogea magharibi 695 hivi. Sasa ile hesabu ya pembetatu tuliyochapiwa viboko shuleni: 492 mara 492, jumlisha 695 mara 695, tafuta kipeuo cha pili. Utapata 851 na ushee. Umeona?

Usiijaribu hii kwa Dar–London, kule dunia inajipinda na nyuzi za mashariki-magharibi zinazidi kubanana kadiri unavyoiacha Ikweta. Kwa safari zetu za ndani inatosha.

Hiyo 1,140 ni barabara. Habari ya muda nitarudi, nipo kwenye daladala.

#4 Dada Nyamanoro

Mtu anatafuta kipeuo cha pili akiwa kwenye daladala, mimi hata chenji ya konda inanishinda. Heshima kwako mzee.

#5 Mzee wa Kipawa

Nimefika nyumbani. Sasa muda.

Nilifanya kazi ya kupakia na kushusha mizigo uwanjani kabla ya kustaafu, kwa hiyo ninachosema nimekiona kwa macho nikiwa chini ya bawa. Saa ya kuondoka iliyo kwenye tiketi siyo saa ambayo ndege inaacha ardhi. Ni saa ambayo milango imeshafungwa, choki, vile vigingi vya kuzuia matairi, zimetolewa, na ndege inaanza kusogea pale ilipoegeshwa. Na saa ya kufika ni pale inaposimama kule iendako na mtu wa chini anarudisha choki. Kati ya hapo kuna kusukumwa kurudi nyuma, kuwasha injini, kutembea taratibu mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, kumpisha anayetua, ndipo mruke. Pale Dar asubuhi ndege zikiwa zimepangana unaweza kukaa robo saa nzima mmefunga mikanda na bado mnaliona jengo lile lile.

Ile tovuti ya dakika 64 imechukua kilomita 852, ikagawa kwa mwendo wa 800 kwa saa, basi. Kana kwamba ndege inatoka mlangoni ikiwa na mwendo huo tayari. Kumbe jeti inahitaji kama dakika 20 kupanda mpaka futi 36,000, karibu kilomita 11 juu. Na kushuka kunaanza mapema kuliko watu wanavyodhani: kanuni ya marubani ni maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka. Kwa futi 36,000 hiyo ni maili 108, yaani kilomita 200. Sasa ona safari yako ilivyo: kilomita kama 200 za kwanza unapanda, 200 za mwisho unashuka, katikati zinabaki kama 450 tu za kukimbia. Ndiyo maana wahudumu wanagawa maji na karanga mbio mbio kama wanafukuzwa. Wana nusu saa tu ndege ikiwa imetulia.

Ile ya saa 1 na dakika 34 imeongeza nusu saa ya mambo ya chini na ya kupanda, ndiyo maana inakaribiana na tiketi.

Na huyo jamaa yako wa saa 2 hajadanganya, yeye alipanda pangaboi, ndege ya mapanga. ATR 72 inakwenda kama kilomita 500 kwa saa. Gawa 852 kwa 500, saa 1 na dakika 42, weka za chini, saa 2 hizo. Q400 nayo ni pangaboi ila ina haraka, inafika 660 hivi. Airbus A220 ni jeti, inakwenda kama 830. Angalia tiketi yako, aina ya ndege mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo karibu na namba ya safari. Kwa saa 1 na nusu, yako ni jeti.

#6 Kijana wa Mbezi Mwisho

Mzee nashukuru sana, shikamoo. Hili la choki nilikuwa silijui kabisa. Kwa hiyo angani kwenyewe ni kama saa 1 na robo?

#7 Mzee wa Kipawa

Marahaba. Ndiyo, hapo hapo. Siku nyingine dakika 5 chini, siku nyingine dakika 5 juu. Upepo wa huku kwetu angani mara nyingi unavuma kutoka mashariki, unawasukuma kidogo wanaokwenda Mwanza, lakini si mkali kama ule wa kule Ulaya na Marekani ambako kwenda na kurudi kunaweza kupishana saa nzima.

#8 Konda Mstaafu

Mmemaliza hesabu za angani? Tushuke chini sasa. Mleta uzi anakwenda Sengerema, siyo Mwanza. Na anaishi Mbezi Mwisho. Mbona hivyo vitu viwili hakuna aliyevigusa?

Stendi ya Magufuli ipo hapo hapo Mbezi, anatembea kwa mguu na begi lake. Uwanja wa ndege uko Barabara ya Nyerere, upande mwingine kabisa wa jiji. Sasa basi lenyewe: Mbezi, Chalinze, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, unashuka mlima Sekenke, Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga, Mabuki, Misungwi, USAGARA. Usagara unashuka, mjini huingii hata kidogo! Hiyo ndiyo njia panda ya Sengerema. Unadaka gari, unavuka, umefika.

Wa ndege anatua Ilemela, kaskazini ya jiji. Anatoka pale anaanza kulikata jiji zima na foleni yake, arudi kusini mpaka Usagara hiyo hiyo ambayo mwenye basi kashashuka anakunywa chai.

#9 Dada Nyamanoro

Konda hoja ya Usagara naikubali asilimia mia, mimi ni wa huku huku. Ila taja na saa baba. Usitaje vituo tu kama unaita abiria.

#10 Konda Mstaafu

Nataja. Basi kisheria mwisho ni kilomita 80 kwa saa na siku hizi LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wanakuona kwa mtambo, ukizidisha unalo. 1,140 gawa kwa 80 ni saa 14 na robo bila kusimama popote, na basi lisilosimama halipo. Weka chakula, weka mizani, weka foleni ya Kibaha, weka malori ya kupishana. Ni saa 16 mpaka 18, Mungu akijalia.

Lakini tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, mambo yamekuwa mepesi. Anapanda Ijumaa saa 9 alasiri, analala ndani, Jumamosi asubuhi yupo Usagara. Posa saa 8 mchana. Tatizo liko wapi?

#11 Bwana Mkunga

Tatizo liko kwenye mgongo, na kwenye suti. Mtu aketi saa 17 halafu ashuke moja kwa moja aanze kuongea mbele ya wazee na kamasi za kiyoyozi? Huyo ndiye msemaji wa familia, jamani.

#12 Kijana wa Mbezi Mwisho

Msemaji ni mshenga, mimi nimebeba bahasha tu 😅. Ila swali: feri ya Busisi je? Mara ya mwisho nilipita huko tukasubiri mpaka nikasinzia.

#13 Ng'wana Misungwi

Umelala sana mkuu. Hiyo feri imebaki historia. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 19, 2025, lina urefu wa kilomita 3, unavuka kwa dakika chache ukiangalia ziwa pande zote mbili. Maji ni yale yale, upana ule ule. Zamani ukikuta malori yamejipanga upande wa Kigongo ulikuwa unakaa hata saa 2, na ukichelewa usiku unalala ukingoni na mbu wako.

Hapo ndipo ujue kilomita peke yake haikuambii kitu. Usagara–Sengerema haijafupishwa hata hatua moja, lakini siku hizi watu wanakwenda mazishini asubuhi na mchana wapo dukani.

Na kama umeshaingia mjini hutaki kurudi Usagara, kuna feri ya Kamanga inakatiza ghuba kutoka katikati ya jiji. Ila kwa mtu mwenye saa ya kufika, mimi ningepita darajani.

#14 Dada Nyamanoro

Kuna kitu nataka kuuliza kabla uzi haujaisha. Kama angani ni 852, mbona barabara ni karibu 1,140? Hizo kilomita karibu 290 zinapotelea wapi?

#15 Mchora Ramani

Zinapotelea Dodoma 🙂

Chukua rula, weka Dar na Mwanza kwenye ramani, piga mstari. Utashangaa: Dodoma haipo kwenye mstari kabisa, wala Singida. Mstari unapanda upande wa Kilindi, unapita Kiteto kaskazini kidogo ya Kibaya, unapenya kati ya Babati na Mlima Hanang, unaacha Ziwa Eyasi upande wa kulia, unapita karibu na Maswa, unaingia Mwanza. Barabara yetu haifuati huko. Inanyooka magharibi mpaka Dodoma ndipo inaanza kukunja kwenda kaskazini.

Reli ndiyo imezunguka zaidi, inakwenda mpaka Tabora kwanza. Ile ya zamani ilijengwa ikielekea Kigoma, tawi la kutoka Tabora kuja Mwanza likakamilika 1928. SGR, reli mpya ya kisasa, inafuata ukanda huo huo, Dar–Mwanza kilomita 1,219. Kwa hiyo ndege 852, basi 1,140, treni 1,219. Kila mmoja ana Mwanza yake.

Mleta uzi, kama utapanda mchana, kwenda kaa dirisha la kushoto, Hanang ni mlima wa mita 3,420 umesimama peke yake, haufichiki anga likiwa safi. Wa kulia wanaweza kubahatika kuiona Kilimanjaro kwa mbali. Nasema wanaweza, maana ndege zinafuata njia zake zilizopangwa, na mawingu hayana adabu.

#16 Mtu wa Reli

Mmeitaja SGR halafu mkapita. Dar–Dodoma imeanza Julai 2024, treni ya haraka inakula kama saa 3 na nusu. Asipande hiyo mpaka Dodoma akamalizia na basi?

#17 Konda Mstaafu

Ukishuka Dodoma umebakiza kilomita karibu 690 za lami, zaidi ya nusu ya safari. Unaanza kutafuta basi linalopita na nafasi, pengine usiku, bahasha mfukoni. Mabasi yanayotoka Dar yanafika Dodoma yamejaa. Siku reli ikifika Mwanza tutaongea lugha nyingine. Kipande cha Isaka–Mwanza walianza kukijenga 2021, tusubiri.

#18 Nyar Kisumu

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Hii hadithi ya uwanja kuwa mbali na mahali unaenda tunaijua vizuri. Nairobi–Mombasa ndege ni kama saa moja, treni ni kama masaa tano, lakini stesheni ya Syokimau na ya Miritini zote ziko nje ya mji. Mtu wa Nyali anapoteza muda mwingi kwa matatu kuliko angani.

Lakini nyinyi watu wa Mwanza mbona hamuji Nairobi moja kwa moja? Si sisi ndio jirani?

#19 Duka la Pamba Road

Dada wa Kisumu umegusa kidonda. Nachukua mzigo Kampala, kwa hiyo haya mahesabu ya Mzee wa Kipawa nimeyafanya leo dukani mteja akinisubiri.

Kwa mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Mwanza: Entebbe, uwanja wa Kampala, kilomita 280. Kigali 315. Bujumbura 413. Nairobi 462. Dodoma 519. Dar 852. Someni tena. Viwanja vinne vya ndege vya nchi za watu viko karibu na sisi kuliko Dodoma yetu wenyewe!

Halafu nenda katafute tiketi ya ndege Mwanza–Entebbe. Mara nyingi unayopewa inapitia Dar. Yaani nasafiri kilomita 852 kwenda baharini, nasubiri pale, halafu kilomita 1,070 kurudi kaskazini-magharibi. Jumla 1,920 na ushee ili nifike mahali palipo kilomita 280. Na nikiwa ndani ya ndege ya pili napita tena karibu na kwetu, ziwa lile lile naliona dirishani.

Ndiyo maana watu wa biashara huku tunapanda basi la Mutukula na hatulalamiki. Ndege haiendi palipo karibu. Inaenda palipo na abiria wa kutosha kujaza viti, na abiria wamezoea Dar. Mimi siwalaumu wenye ndege, mahesabu yao nayaelewa. Lakini naumia.

#20 Nyar Kisumu

1,920 kwa 280! Pole sana ndugu. Kuja tu na meli.

#21 Mzanzibari wa Muscat

Assalaam alaykum jamaa. Uzi mzuri. Miye nipo Muscat, na nina suala la aina hii hii kwa Mzee wa Kipawa. Tiketi yangu ya kuja Dar inaonesha nimeondoka na nimefika kwa tafauti ya saa 4 na robo. Ya kurejea Muscat, saa 6 na robo. Njia moja, shirika moja, ndege aina moja. Kuna aliyenambia ni upepo. Upepo wa saa mbili?

#22 Mzee wa Kipawa

Waalaykum salaam. Upepo haumo, au umo kidogo mno. Ni saa za ukutani. Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Safari yenyewe ni kama saa 5 na robo kwenda na kurudi: umbali ni kilomita 3,970 hivi, gawa kwa 830, ongeza nusu saa. Ukija Dar saa yako inarudi nyuma moja, inaonekana umetumia 4 na robo. Ukirejea inakwenda mbele moja, inaonekana 6 na robo. Kila uwanja unaandika saa ya kwake, hakuna anayekufanyia hesabu ya kutoa.

Na anayetoka Mwanza kwenda Kigali ajue Rwanda iko nyuma yetu saa moja. Ukiondoka saa 4 unaweza kufika kwenye saa 4 hiyo hiyo ukadhani ndege haikwenda.

Dar na Mwanza saa ni moja, lakini jua halijui serikali. Mwanza iko nyuzi 6.27 magharibi, na kila nyuzi ni dakika 4. Jua la Mwanza linachelewa kuzama kama dakika 25, ikizidi au kupungua kidogo kwa majira. Waliofunga wanaosafiri jioni wanalijua hili: umepanda ndege ukihesabu futari ya Dar, unakuta magharibi inakukimbia mbele.

#23 Mzanzibari wa Muscat

Ahsante mzee wangu, Mungu akuweke. Nitawatumia jamaa wa huku, wanabishana hili kila kiangazi.

#24 Dada Nyamanoro

Turudi kwa kijana wetu, Ijumaa inakuja. Tiketi yako ni ya lini na saa ngapi?

#25 Kijana wa Mbezi Mwisho

Shemeji bado hajailipia, kaniwekea chaguo mbili. Ijumaa 18:20, au Jumamosi 06:20.

#26 Dada Nyamanoro

Haya. Kwanza kwa faida ya wengine: 18:20 ni saa 12 na dakika 20 jioni, 06:20 ni saa 12 na dakika 20 asubuhi. Zote mbili "saa 12 na dakika 20", na kuna watu wamefika uwanjani jioni na tiketi ya asubuhi. Ukiongea na shemeji kwa simu taja asubuhi au jioni, usiseme saa 12 ukanyamaza.

Ya Jumamosi asubuhi: kaunta zinafungwa mapema, kwa hiyo utake uwe uwanjani saa 10 alfajiri. Kutoka Mbezi unaamka saa 8 usiku. Unatua saa 2 kasoro dakika 10 asubuhi. Begi, gari, kulikata jiji, Usagara, daraja, Sengerema saa 4 au 4 na nusu. Kwenye karatasi umebakiza muda mpaka wa kunyoosha suti. Lakini ndege hiyo ikiahirishwa, posa imekwenda na maji. Mimi kuna siku nilikaa ukumbini kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri naambiwa "nusu saa nyingine". Nusu saa za uwanjani haziishi.

Ya Ijumaa jioni: toka Mbezi saa 7 na nusu mchana. Najua utaona mapema mno, ila Ijumaa ya Dar unaijua. Ukifika saa 9 unakaa kwa amani. Unatua Mwanza saa 2 kasoro dakika 10 usiku. Usikimbilie Sengerema usiku huo, lala mjini, asubuhi unaondoka umeoga. Ikiahirishwa, una usiku mzima wa akiba, na hata ukikosa kabisa bado kuna basi la usiku.

Na piga jumla kama ungeunganisha usiku huo huo: mlangoni kwako saa 7 na nusu mchana, Sengerema saa 4 au 5 usiku. Saa 9. Angani humo ni saa 1 na robo.

#27 Konda Mstaafu

SAA TISA!! Nilisema mimi. Watu wanalinganisha saa 17 za basi na saa 1 na nusu za ndege, kumbe ni 17 kwa 9.

#28 Bwana Mkunga

Konda, 9 bado ni ndogo kuliko 17.

#29 Konda Mstaafu

Ni ndogo, lakini siyo kwa bei ile.

#30 Kijana wa Mbezi Mwisho

Wakuu nimeamua: kwenda ndege ya Ijumaa jioni, kurudi basi kutoka Usagara. Nimeagizwa sato na dagaa, na kurudi sina haraka ya mtu.

#31 Dada Nyamanoro

Sato hata kwenye ndege wanapanda, wanafungiwa kwenye boksi na gundi ya karatasi mpaka boksi halionekani, uwanja wa Mwanza utawaona wamejipanga na abiria. Ila wakivuja umeaibika, na kilo za begi zina mwisho. Basi ni sawa kwa kurudi.

Bahasha weka mfuko wa ndani wa koti, unalolivaa. Usije ukaiweka kwenye begi linalokwenda chini.

#32 Mgeni wa Ruvuma

Samahani kwa kuingilia. Dar–Songea je? Nako tovuti zinanichanganya.

#33 Mzee wa Kipawa

Songea ni nyuzi 10.68 kusini na 35.58 mashariki. Dar unazo hapo juu. Fanya, lete jibu nisahihishe.

#34 Mgeni wa Ruvuma

Kilomita 580 na kitu?

#35 Mzee wa Kipawa

Safi, umeipata. Ukipanda Q400 gawa kwa 660, ongeza dakika 25.

#36 Mgeni wa Ruvuma

Saa 1 na dakika 18!

#37 Konda Mstaafu

Na kutoka kwako mpaka uwanja wa ndege pale Kipawa umeweka ngapi?